Mzee na Kijana katika Misitu ya Kaya

Katika pwani ya Kenya iko misitu midogo ambayo Wamijikenda huiita kaya. Hapo zamani ndani ya kila msitu mlikuwa na mji wenye boma, ambamo wahenga walijikinga na adui. Watu walipohamia mashambani, kaya zilibaki kuwa mahali pa maziko na pa maombi. Kilichozilinda hakikuwa bunduki wala ua, bali ni amri ya wazee: mti usikatwe, na aingiaye afuate njia iliyowekwa. Ndiyo sababu mimea iliyo adimu kwingineko ingali ikionekana humo.

Mwaka 1992 Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikatia baadhi ya misitu hiyo katika Urithi wa Dunia. Lakini mwaka 2009 shirika hilo hilo liliziandika mila za kaya miongoni mwa zile zinazohitaji kuokolewa upesi. Yaani sheria yaweza kuulinda mti, lakini haiwezi kuyalinda maarifa yaliyomo kichwani mwa mzee. Hayo hufa pamoja naye asipopata wa kumrithisha.

Vijana wengi huenda shuleni, kisha mijini kutafuta kazi. Mzee humlaumu kijana kwamba anadharau mila. Kijana naye humlaumu mzee kwamba anaficha siri. Jambo baya zaidi ni kwamba huko Kilifi wazee kadhaa wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi kiini chake ni ugomvi wa ardhi. Amwuaye mzee kwa ajili ya shamba huchoma pia kitabu ambacho hakina nakala.

Hata hivyo dawa ipo. Katika Kaya Kinondo, Kwale, wageni huvikwa kaniki na kuongozwa na wenyeji ambao huwaeleza habari za miti na desturi zake, na mapato huwafaidia wenyeji. Hapo elimu ya wazee imekuwa kazi ya kumpa kijana riziki.

Basi yampasa mzee asingoje kitanda cha ugonjwa ndipo aanze kufundisha, bali amchukue kijana msituni akiwa bado ana nguvu. Na kijana aulize kwa adabu, aandike asikiayo daftarini. Mkono mmoja haulei mwana, wala rika moja halilindi msitu.