Bandari na Gunia Lako la Korosho



Somo la leo limetokana na swali. Tulikuwa katika darasa moja la kisomo huku kusini, msimu wa korosho umepamba moto. Mama mmoja alikuja na karatasi yake ya malipo, akaiweka mezani. Akasema: "Mwalimu, mmetufundisha kusoma, nami nimesoma. Kwenye mnada tumeambiwa bei imeshuka kwa kuwa mzigo utasafiri mbali hadi kwenye meli. Mimi bandari sijaiona hata siku moja. Inanihusu nini?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile lilikuwa la haki, na jibu kamili hatukuwa nalo siku ile. Tukamwambia, "Mama, tupe wiki moja." Hili basi ndilo jibu lake, na ni la kila mwenye mkorosho.

SAFARI YA GUNIA

Hebu tulifuate gunia moja. Mkulima ameokota korosho, ametenganisha na mabibo, amezianika juani. Anazipeleka chama cha msingi. Pale zinapimwa, zinapangwa daraja la kwanza na la pili, naye anapewa stakabadhi. Kutoka chama cha msingi gunia huenda ghala kuu. Huko ndiko huuzwa kwa mnada, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara katika msimu wa 2007/2008.

Je, mnunuzi anazipeleka wapi? Sehemu kubwa ya korosho zetu husafirishwa zikiwa ghafi, yaani hazijabanguliwa, kwenda India na Vietnam. Huko hazifiki kwa lori. Lazima zipande meli. Basi hata kama kijiji chako kiko Newala juu kwenye miinuko, shamba lako linaishia gatini.

HESABU YA UMBALI

Mnunuzi anapotaja bei mnadani, ameshapiga hesabu yake kichwani. Anajua korosho itauzwa kiasi gani ng'ambo. Anatoa gharama za meli, za bandari, za magunia na za lori. Kinachobaki ndicho anachogawana na mkulima. Gharama ya njiani ikipanda, kwa kawaida anayebanwa ni yule wa mwisho kwenye mstari, na wa mwisho ni wewe.

Chukua kalamu tufanye mfano. Tarakimu hizi ni za mazoezi tu, siyo bei halisi. Tuseme kusafirisha kilo moja hadi Mtwara ni shilingi 50, na kuisafirisha hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, ni shilingi 150. Tofauti ni shilingi 100 kwa kilo. Gunia la kilo 80 ni 100 mara 80, sawa na shilingi 8,000. Mwenye magunia kumi, tofauti ni shilingi 80,000. Kumbe hiyo ni sare za shule na madaftari!

Kwa miaka mingi korosho nyingi za kusini zilipakiwa kwenye malori hadi Dar es Salaam, ingawa Mtwara ina bandari yenye kina kirefu cha asili. Gati jipya la mita 300 limejengwa pale, na katika msimu wa 2023/2024 Serikali iliagiza korosho za mikoa ya kusini zipitie Mtwara. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini tusidhani kazi imekwisha.

MELI HAIFUATI GATI TUPU

Meli ni kama basi. Dereva wa basi hapiti njia isiyo na abiria. Meli nayo hupenda kuja na mzigo na kuondoka na mzigo. Ikija tupu, gharama ya safari ya kuja itaongezwa kwenye korosho zako.

Ndiyo maana vitu vingine vinavyopita bandarini vinatuhusu. Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga huja kwa meli. Makaa ya mawe ya Mkoa wa Ruvuma nayo hutokea Mtwara kwenda nje. Mizigo ya namna hiyo huifanya bandari iwe na kazi hata msimu wa korosho ukipita.

Historia inatufundisha. Bandari ya kisasa ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Waliweka na reli hadi Nachingwea. Mradi ukashindwa, ukaachwa mwaka 1951. Reli ikakosa mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Reli haikufa kwa kutu. Ilikufa kwa kukosa magunia.

WAGENI NAO NI SOKO

Bandari na pwani huleta watu pia. Karibu na Mtwara kuna mji wa kale wa Mikindani. Kuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukielekea kaskazini, Mkoa wa Lindi, kuna magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 1981.

Mtalii anapolala Mikindani, asubuhi anataka mayai, mapapai, samaki. Akiondoka anataka kinyago cha Kimakonde na korosho zilizobanguliwa, siyo ghafi. Kikundi cha akina mama kinachobangua vizuri kinaweza kumuuzia papo hapo, bila lori wala meli.

Na Kilwa yenyewe ni somo. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu uzuri wa mji ule. Utajiri wake ulitokana na bandari iliyopitisha dhahabu ya Sofala. Biashara ilipohama, mji ulififia. Leo wageni huja kupiga picha kuta. Tunawakaribisha, lakini hatutaki wajukuu zetu waje kupiga picha gati la Mtwara.

KAZI YETU

Wako wakulima wanaosema, "Bandari ni ya Serikali, mimi nitafanya nini?" Yako matatu.

Kwanza, anika korosho zikauke sawasawa. Korosho mbichi ikikaa tumboni mwa meli wiki kadhaa huota ukungu na kuharibu zilizo jirani.

Pili, usitie mchanga wala mawe. Unaongeza kilo leo, lakini gunia litafunguliwa ng'ambo. Kesho mnunuzi atapunguza bei ya wilaya nzima, pamoja na yako.

Tatu, usiuze kwa kangomba. Anayekupimia kwa bakuli kabla ya msimu anakuchukulia faida yote, ya barabara na ya bandari.

Yule mama tulimrudia baada ya wiki moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja karatasi yake, akasema: "Kumbe bandari inaanzia kwenye jamvi langu la kuanikia." Sisi walimu hatukuwa na la kuongeza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Gunia la kijijini kwenu hupita wapi kabla ya kufika melini?
2. Ikiwa tofauti ya usafiri ni shilingi 60 kwa kilo, mwenye magunia 15 ya kilo 80 anapoteza shilingi ngapi?
3. Kijiji chenu kinaweza kuwauzia nini wageni wanaofika pwani?