Uvimbe Mgumu Juu ya Ukwato wa Punda: Usiuchome, Usiupasue

Ukishamshusha punda wako madumu ya maji, mshike miguu ya mbele pale nywele zinapokutana na ukwato. Bonyeza kwa kidole gumba pembeni, kuelekea kisigino, upande wa ndani na wa nje. Kwa kawaida utasikia kitu kinachobonyea kidogo na kurudi, kama unapobonyeza sikio lako. Hiyo ni gegedu. Kwa punda mwenye umri, au aliyebeba mizigo mizito miaka mingi kwenye ardhi ya mawe, gegedu hiyo huweza kugeuka mfupa. Hapo utagusa kitu kigumu kama jiwe, na pengine utakiona kimetokeza.

Mfupa huo si saratani wala hauambukizi punda wengine. Mara nyingi haumuumi hata kidogo.

Kosa ninalokutana nalo ni hili: punda anachechemea, mwenyewe anaona uvimbe, anaweka chuma motoni. Kumbe kilichokuwa kikimuumiza ni mwiba au jipu ndani ya ukwato. Chuma cha moto hakiondoi mfupa. Kinaacha kidonda karibu na udongo na samadi, na huo ndio mlango wa pepopunda. Akishakaza taya, kumponya ni kazi ngumu sana, na akina mama wanarudi kubeba maji mgongoni.

Kwa hiyo, punda akichechemea, usiuangalie uvimbe kwanza. Inua mguu, safisha nyayo, tafuta mwiba, msumari au jiwe. Shika ukwato, ulinganishe na wa mguu wa pili. Ukiwa wa moto zaidi, na mshipa nyuma ya mguu juu ya ukwato unadunda kwa nguvu, huenda kuna usaha ndani. Mwite afisa mifugo aufungue na kuutoa. Uvimbe laini, wa moto au unaotoa majimaji si mfupa, huo nao aonyeshwe.

Usipopata kitu kingine, na punda anaumia ukibonyeza pale pagumu, basi mfupa wenyewe ndio unaosumbua. Picha ya eksirei ndiyo inayothibitisha, lakini vijijini tunategemea mkono na macho. Mpumzishe wiki 4 hadi 6 bila mzigo, achunge karibu na boma, mahali pasipo na mawe. Kwato zikatwe zilingane pande zote mbili, kwa maana ukwato uliopinda huelemea upande mmoja na kuuchosha. Baada ya hapo zikaguliwe kila wiki 6 hadi 8. Dawa ya maumivu aitoe mtaalamu. Akipewa fenilibutazoni, punda huyo asichinjwe kwa ajili ya nyama. Mwulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mfupa hautarudi kuwa gegedu. Punda anaweza kufanya kazi tena, ila kwa mzigo mdogo. Dumu moja la lita 20 lina kilo 20, hivyo madumu manne ni kilo 80, na hizo ni nyingi mno kwa punda wetu. Anza na mawili, moja kila upande, na umtazame anavyotembea kurudi kutoka kisimani. Akianza tena kuchechemea, mshushe hapohapo.