Nibaki Chuoni au Niende Saiti?

SWALI: Dokta, nimehitimu uhandisi ujenzi na idara inataka nibaki nifundishe. Sijawahi kufundishwa na mhadhiri mwanamke hata mmoja. Nikibaki, sitapotea?

JIBU: Binti yangu, kupotea kupo, nisikudanganye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwanoa wasichana kwa hesabu na fizikia kabla ya kujiunga na uhandisi, na wakaingia. Kuwabakiza ndiyo kazi. Cheo hupandishwa kwa machapisho, na machapisho hudaiwa miaka ileile ya kunyonyesha. Michemraba yangu ya zege, ya utafiti, ilipaswa kuvunjwa mashineni siku ya 28. Mtoto akawa na homa, nikaenda naye maabara, mgongoni. (Mashine ile ina kelele, lakini alilala.)

Kabla hujasaini, uliza: msimamizi wako ni nani? Sheria inakupa siku 84 za likizo ya uzazi. Je, zitahesabiwa dhidi yako unapopimwa? Watakuruhusu kwenda saiti hadi usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Wakujibu kwa maandishi.

Na choo cha wanawake karibu na maabara, kidai mapema. Sisi tulikisubiri miaka sita.