Seronera hadi Unguja kwa ndege

Swali: Kutoka kiwanja cha Seronera, wilayani Serengeti, hadi Unguja ni umbali gani, na ndege huchukua muda gani?

Jibu: Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 640 hivi. Ndege ndogo za pangaboi kama Cessna Caravan, zinazomudu kiwanja cha changarawe, huenda takriban kilomita 300 kwa saa. Bila kituo, safari huchukua saa mbili na dakika chache. Mara nyingi, hata hivyo, hutua kwanza Arusha, mji ulio karibu kabisa na njia hiyo: mchepuko wenyewe hauongezi hata kilomita 20. Kinachokula muda ni kushuka, kupakia na kupaa upya. Upepo wa kusi nao, ukivuma kutoka mbele, huongeza dakika kadhaa.