Mpira wa kustanjia unaovuja: usiufunge kamba, tafuta panapovujia



Ndugu msomaji, mwezi wa Shawwal aliletwa zahanatini mama mmoja mtu mzima, mkono umevunjika juu kidogo ya kiganja. Alikuwa ameamka kutawadha kwa ajili ya Alfajiri akateleza chooni. Nilipomuuliza sakafu ilikuwa na nini, akasema: "Mwanangu, ule mpira wa kustanjia unavuja tangu Shaabani." Kijana wake akaongeza kuwa alishaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Yaani nyumba nzima iliujua ugonjwa, na dawa yake ni kijipete cha mpira kinachouzwa kwa bei ya chini sana katika duka la vifaa vya bomba.

Majumbani mwetu siku hizi mpira huu umechukua nafasi ya kopo na birika, na ni jambo jema kwa tohara. Lakini kopo halivuji usiku kucha.

Kwanza tujue hasara yake. Sisi matabibu tunapomtundikia mgonjwa maji kwa mpira wa kawaida, huwa tunahesabu matone 20 kuwa mililita moja. Basi chukua bomba linalodondosha tone moja kila sekunde. Kwa siku ni matone 86,400, sawa na lita 4 na zaidi kidogo. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo kwa makadirio haifiki lita moja. Yaani tone lile unalolidharau linamwaga udhu wa watu zaidi ya watano kila siku, na bili unalipa wewe.

Wengine huweka beseni chini likinge. Si vibaya, ila limwagwe kila siku. Mbu anayeeneza dengue hutaga kwenye maji masafi yaliyotuama vyomboni, na yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa kama wiki moja. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka dengue ya mwaka 2014 na ile ya 2019.

Sasa tuje kwenye kutafuta panapovujia. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu maji hutoka juu, yakateremka na mpira, yakadondokea kwenye kona ya chini. Mtu anabadilisha mpira mzima kumbe tatizo liko kichwani. Fanya hivi: futa kila kitu kwa kitambaa kikavu, kisha zungushia karatasi laini ya chooni kwenye kila kiungo, yaani pale koki inapoingia ukutani, pale mpira unaposhika koki, katikati ya mpira, na pale mpira unaposhika kichwa. Fungua koki usubiri. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo itakayokwambia.

Ikilowa kwenye nati ya mpira, juu au chini, mara nyingi ni ile washa ya ndani imekauka, imepasuka au imekaa upande. Funga koki, bonyeza kichwa maji yaliyobaki yatoke, kisha fungua nati kwa mkono. Toa washa kuukuu uende nayo dukani upewe inayolingana. Iweke ilale sawasawa, kaza kwa mkono, na ikibidi malizia kidogo tu kwa spana iliyozungushiwa kitambaa. Nati za plastiki hupasuka kwa kukazwa kupita kiasi. Wapo wanaoviringisha tepu nyeupe ya mafundi hapo. Tepu hiyo mahali pake ni pale koki inapoingia ukutani. Kwenye nati ya mpira kinachozuia maji ni washa.

Kichwa kikidondosha hata ukikiachia, huenda ni mchanga au magadi, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi. Kiloweke kwenye siki kwa saa chache, kisugue kwa mswaki mkuukuu, kisha ukijaribu. Kikiendelea, nunua kingine. Mpira wenyewe ukipasuka hauna matibabu. Ule unaoonekana kwa nje kuwa wa chuma una mpira mwembamba ndani, na ndio huo uliokwisha.

Jambo kubwa kuliko yote ni koki. Baada ya kustanji, ifunge. Kichwa na mpira vingi vya aina hii havikutengenezwa kubeba msukumo wa maji saa 24. Usiku watu wakilala na matumizi yakipungua, msukumo huongezeka, na mpira unaweza kupasuka mkiwa mmelala au mmekwenda safari.

Kuna na hatari nyingine ambayo haionekani. Kichwa kikiachwa kimezama ndani ya ndoo ya maji machafu au kimeangukia kwenye choo, koki iko wazi na kichwa kinapitisha maji, kisha maji ya bomba yakakatika, uchafu unaweza kufyonzwa kurudi kwenye mabomba yaleyale yanayokwenda jikoni. Kwa hiyo kitundikwe juu ya ukingo wa choo daima. Wenye mpira wa aina hii kwenye sinki la jikoni nao wasiuache umelala ndani ya maji ya vyombo.

Nimeulizwa na akina dada kama maji yanayodondoka hapo yananajisisha nguo. Asili ya maji ya bomba ni tohara, na tone lililotoka kwenye kiungo moja kwa moja halina tatizo. Yaliyogusa najisi ndipo yakakurukia ni jambo jingine, hayo yaoshe. Wasiwasi usikufanye urudie udhu mara tatu, maana huko nako ni kumwaga maji.

Ukikuta unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe, hapo usichokonoe. Funga koki kuu ya nyumba umwite fundi bomba.