Kabla ya Kujenga Banda la Pikipiki Nyumbani

Mwenye nyumba anayetaka banda la kuhifadhi pikipiki na kufanyia kazi za mikono, tunamshauri azingatie mambo manne kabla ya kumlipa fundi.

Kwanza, kibali. Apeleke michoro katika halmashauri yake na asubiri kibali cha ujenzi. Jengo lisilo na kibali laweza kuamriwa libomolewe, na hasara humwangukia mwenye nyumba, si fundi.

Pili, mkataba. Uandikwe, utaje vipimo, aina ya vifaa na tarehe ya kukamilisha. Malipo yafuate hatua: msingi, kuta, paa na umaliziaji. Akitumia mkandarasi, ahakiki usajili wake kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Tatu, hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni. Matundu yawekwe chini na juu ya kuta. Injini isiwashwe mlango ukiwa umefungwa, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu na inayoua.

Nne, umeme. Nyaya zitandazwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Soketi ziwe juu, kwani cheche moja karibu na sakafu yatosha kuuwasha mvuke.

Zoezi: Fundi anadai nusu ya fedha kabla ya kuchimba msingi. Afanyeje mwenye nyumba?

Jibu letu: Anunue mwenyewe vifaa vya msingi, atunze stakabadhi, na ujira aulipe hatua hiyo ikishakaguliwa.