Kofia Ngumu na Siri ya Makumbi ya Nazi

Katika mashamba ya minazi ya Zinga, nazi kavu huanguka kutoka juu ya mti, ikapiga ardhi kwa kishindo na kuokotwa ikiwa nzima. Nazi hiyo hiyo ikishafuliwa, kisha ikaponyoka mkononi na kuangukia sakafu ya saruji, huweza kupasuka. Kifuu ni kile kile. Kilichoondoka ni makumbi. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini dereva wa bodaboda na abiria wake wanapaswa kuvaa kofia ngumu, na kwa nini si kila kofia inayoitwa ngumu huokoa maisha.

Pigo linavyopungua

Kila kitu kinachokwenda hubeba nishati. Kinaposimama ghafla, nishati yote hutoka kwa mkupuo na pigo huwa kubwa. Kikipewa nafasi ya kusimama taratibu, hata kama ni ndogo, pigo hupungua.

Chukua mfano wa kichwa chenye uzito wa kilo 5 kinachoanguka kutoka kimo cha mita 1.5. Hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kikisimama ndani ya milimita 5, hukutana na nguvu ya wastani inayolingana na mzigo wa kilo 1,500. Kikipewa milimita 25, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 300. Ziada ya milimita 20 imepunguza pigo mara tano.

Sehemu tatu za kofia

Ganda la nje hutawanya pigo la jiwe au ukingo wa lami lisielekee mahali pamoja. Chini yake kuna povu gumu, mara nyingi jeupe, linalofanana na lile la kufungashia televisheni. Hilo ndilo makumbi ya kofia: husagika na kumeza nishati ambayo ingefika kwenye fuvu. Sehemu ya tatu ni mkanda wa kidevuni, unaozuia kofia isichomoke kabla ya kichwa kufika chini.

Kofia yenye tabaka la kumeza pigo ilibuniwa Marekani na Profesa C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California, mwaka 1953. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mambo ya kukagua

- Inua kitambaa cha ndani. Ukikuta ganda na sponji laini tu, hiyo ni nazi isiyo na makumbi. Povu gumu linapaswa kuwa na unene wa takribani sentimita 2.5.
- Kofia ya fundi ujenzi haifai kwenye pikipiki. Imetengenezwa kumkinga mtu na vitu vinavyodondoka kutoka juu.
- Kofia iliyokwisha kupata ajali ibadilishwe, hata kama ganda halina ufa. Povu lililosagika halirudi katika hali yake.
- Funga mkanda kila safari, na kofia isicheze kichwani.

"Ni hapa karibu tu"

Abiria wengi hukataa kofia kwa kuwa safari ni fupi, kama vile kutoka barabara kuu ya Bagamoyo kwenda Mlingotini. Hata hivyo, ufupi wa safari haupunguzi kimo cha kuanguka, na abiria huanguka kutoka kimo kile kile cha dereva. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva wa pikipiki avae kofia ngumu. Dereva makini huwa na ya pili kwa ajili ya abiria, na abiria makini huiomba kabla ya kupanda.

Kofia nayo ina kikomo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne, ilhali unene wa povu ni ule ule. Kwa hiyo, kofia bora haimpi dereva ruhusa ya kukimbiza pikipiki.

Mtu aliyegonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida au akachanganyikiwa, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama hana jeraha linaloonekana.